Hodi ya Tatu

Mama mkwe alipiga hodi mara tatu. Ya kwanza aliipiga kwa sauti ya mgeni mwenye adabu, ya pili kwa sauti ya mtu aliyebeba kikapu kizito, na ya tatu kwa sauti ya mama aliyemzaa mke wa nyumba ile. Mlango ulikuwa wazi. Mkwewe alikuwa ndani, amekaa kwenye kigoda hatua nne tu kutoka kizingitini, amempa mgongo, anasugua kichwa cha nyundo kwa kitambaa chenye mafuta. Hakugeuka. Yule mama akautazama ule mgongo kwa muda, kisha akabeba kikapu chake na kurudi alikotoka.

Binti yake, ambaye ni fundi cherehani, alikutana naye njiani akitoka kununua uzi.

"Mama, mbona unarudi na mzigo?"

"Mume wako amenifukuza."

"Amekwambia nini?"

"Angeniambia neno ningeshukuru. Hodi tatu, mwanangu, na mlango wazi. Hata mbwa hugeuza sikio akiitwa."

Fundi alimbembeleza, akampokea kikapu, lakini mama alikataa kurudi. Hodi tatu ndizo haki ya mgeni. Ukipiga ya nne unaomba. Yeye hakuwa ombaomba, na alisema hivyo mara mbili ili na majirani wasikie.

Kilichofanya jambo hili liume zaidi ni kwamba mkwe mwenyewe mji mzima walimwita Mzee Hodi. Kazi yake ilikuwa ukaguzi wa madaraja ya chuma. Daraja la namna hiyo hushikwa na ribiti, pini nene zenye vichwa vya mviringo, maelfu kwa maelfu, na mkaguzi huzigonga kwa nyundo moja baada ya nyingine huku akisikiliza. Ribiti iliyokaza husema "ting", fupi na kali. Iliyolegea husema "du", kama mtu aliyeamshwa usingizini. Tangu ujana wake alikuwa na mazoea ya kusema "hodi" kabla ya kuigonga boriti yoyote, wenzake wakacheka, na jina likamganda. Mwisho wa kazi aliandika fomu yenye neno moja tu la maana: Linaitika, au Haliitiki. Kwa miaka thelathini na moja nchi yote ile kubwa ilivuka mito yake kwa kuliamini neno lake.

Fundi aliingia ndani akiwa amevimba kwa hasira.

"Mama alikuwa hapa mlangoni."

Mzee Hodi aliinua uso. "Mama gani? Sikumwona."

"Hodi haionwi, inasikiwa."

"Watu wa siku hizi mnanong'ona," alisema, akarudi kwenye nyundo yake. "Mtu akitaka kuingia, apaze sauti."

Mkewe alikuwa na jibu tayari mdomoni, tena kali, lakini likamkwama. Alikumbuka sufuria ya maziwa iliyofurika juzi mumewe akiwa ameketi pembeni yake. Alikumbuka jinsi mumewe alivyoanza kumtazama mdomo mtu anayezungumza naye, na jinsi alivyoacha kusikiliza taarifa ya habari kwa kisingizio kwamba ni uongo mtupu. Akazunguka polepole mpaka nyuma ya kile kigoda, akasimama.

"Nyumba inaungua, baba," alisema kwa sauti ya kawaida.

Mumewe aliendelea kusugua nyundo.

"Nyumba inaungua."

Kitambaa kilizunguka kichwa cha nyundo, kikashuka mpaka kwenye mpini. Fundi akakaa kwenye ukingo wa kitanda.

*

"Tangu lini?" Alikuwa amemgeuza amkabili, mikono yake juu ya mabega ya mumewe.

"Sikio la kushoto, huu mwaka wa nne. La kulia likaanza kumfuata mwenzake."

"Na hukusema."

"Ningesema kwa nani? Mkaguzi asiyesikia ni nini? Ni mtu anayepiga chuma tu."

 Macho ya fundi yalikuwa yamekwenda ukutani, kwenye kalenda. Serikali ilikuwa imeichapisha mwaka huo kwa fahari kubwa, ikiwa na jina "Madaraja Yetu Kumi na Mawili", daraja moja kwa kila mwezi, kutoka kila pembe ya nchi. Mzee Hodi alileta nakala nyumbani kama mtu aliyeleta picha za wanawe, na tangu hapo nyumba nzima iliyaita madaraja yale kwa miezi yake. Saba kati ya hayo yalikuwa ya chuma, na yote saba yalikuwa yake. Fundi aliing'oa kalenda msumarini, akaiweka mezani.

"Januari," alisema, akiweka kidole. Lilikuwa lile la kaskazini lililoning'inia kwenye nyaya juu ya maporomoko.

"Nilisikia. Kila ribiti."

"Machi."

"Machi kulikuwa na upepo, lakini nilisikia."

"Aprili."

Alichukua tena kitambaa, ingawa nyundo ilikuwa safi. "Aprili nilitazama kutu. Ribiti ikilegea hutoa mchirizi wa kutu chini yake, kama machozi. Nilitafuta machozi."

"Ukayaona?"

"Walikuwa wamelipaka rangi mpya. Wiki moja kabla sijafika."

Fundi akafunua. Juni nako kulikuwa hivyo hivyo. Septemba lilikuwa daraja la reli lenye miguu mirefu, lililopita juu ya bonde mpaka mto ukaonekana chini kama uzi, na mpiga picha alisubiri treni ya abiria iwe katikati ndipo akabonyeza. Ukisogeza macho unaiona mikono ya watu imetoka madirishani, inapunga. Fundi alikiondoa kidole chake haraka.

"Septemba?"

Mumewe akatikisa kichwa.

"Oktoba?"

Akatikisa tena. Ukurasa wa mwisho ulikuwa Desemba, daraja la mji wao wenyewe, dakika kumi na tano kwa mguu kutoka pale walipokaa. Lilikuwa linatimiza miaka mia, na sherehe ilikuwa Jumamosi.

"Hili uligonga lini?"

"Mwezi wa nane."

"Ukaandika nini?"

"Unajua nilichoandika."

Alilijua. Fundi hakuwa mwanamke mbaya, bali alikuwa mwanamke aliyehesabu miezi. Iliyobaki kabla mumewe hajastaafu ilikuwa saba, na baada ya hapo angelala mchana na yeye angeacha kushona sare za watu kwa taa hafifu. Akaifunga kalenda, akairudisha msumarini, akaunyoosha ukosi wa shati la mumewe.

"Limesimama miaka mia," alisema, akitamka polepole ili amsome mdomo. "Miezi saba litasimama."

"Litasimama," alisema Mzee Hodi, na kwa dakika chache wote wawili waliamini.

Kisha binti yao akaingia, mwalimu wa darasa la tatu, amekumbatia mafungu ya bendera za karatasi mpaka kidevuni. Alizimwaga kitandani, akajipepea kwa moja.

"Baba, una bahati ya kuwa na mtoto kama mimi. Shule yetu imepewa kutangulia Jumamosi. Watoto mia tatu, tunavuka daraja lako kwa gwaride, kushoto-kulia, kushoto-kulia, na mji mzima nyuma yetu."

Alipiga mguu sakafuni kuwaonyesha. Aliwatazama wazazi wake mmoja baada ya mwingine, na bendera ikaacha kupepea mkononi mwake.

*

Kesho yake alasiri, baba na binti walikwenda darajani. Mlinzi wa daraja, ambaye kazi yake ilikuwa kukaa ndani ya kibanda chenye mnyororo, kitabu na birika, aliwapungia mkono.

"Mzee Hodi, leo umekuja na mkubwa wako?"

"Amekuja kunisaidia kubeba nyundo," alisema Mzee Hodi, baada ya kumwomba mlinzi arudie.

Walianza ukingoni. Baba aligonga, binti akasikiliza. "Ting," alisema mwalimu, na baada ya hatua mbili, "ting," na tena "ting", mpaka akaanza kutabasamu. Maji yalikuwa mengi chini yao, yana rangi ya udongo, ingawa mvua za nyanda za juu zilikuwa bado hazijafika. Malori ya mchanga yalipita nyuma yao na kuutikisa ukingo walioushika.

"Usiniambie ninachotaka kusikia," baba yake alimwonya. "Niambie inachosema."

Kwenye nguzo ya tatu tabasamu likaisha.

"Du," alisema mwalimu.

"Nyingine hii."

"Du. Baba, gonga tena. Du."

Alizigonga kumi na mbili mfululizo, taratibu, akiitazama midomo ya mwanawe. Tisa zilisema du. Mbili zilisema ting. Moja haikusema kitu, na mwalimu alidhani amekosea, akaomba igongwe mara ya pili na ya tatu. Mzee Hodi akaweka kidole upande wa pili wa ribiti ile na kuigonga mwenyewe. Ilicheza chini ya kidole chake kama jino la mtoto linalotaka kung'oka. Alikiacha kidole pale kwa muda mrefu, na mwalimu akaona kuwa baba yake anaogopa, jambo ambalo hakuwahi kuliona.

"Zote hizi umezipaka wewe rangi?" mwalimu aliuliza.

"Rangi hupakwa na wenye kuandaa sherehe," alisema.

*

Mhandisi mkuu alikuwa na umri wa kuwa mwanawe, na ofisi yake ilikuwa imejaa mabango ya Jumamosi, mengine yamekunjwa chini ya meza mpaka hakuna mahali pa kuweka mguu. Alizungumza huku ameinamia karatasi zake, hivyo mdomo wake haukuonekana.

"Samahani, mhandisi?" alisema Mzee Hodi.

Mhandisi akarudia, bado ameinama.

"Samahani?"

Mpiga chapa, dada mmoja aliyekuwa kona ya chumba, akacheka kidogo, akajifanya anakohoa. Mzee Hodi aliona bega lake linatikisika. Akaweka mezani bahasha yenye barua yake na kusema alichokuja kusema. Ribiti za nguzo ya tatu zimelegea. Masikio yake yamekufa. Aprili, Juni, Septemba, Oktoba na hili la hapa, hakulisikia hata moja.

Mhandisi aliinua kichwa. Alimtazama, kisha akamwashiria yule mpiga chapa asimame nyuma ya mzee na amwite. Dada akaita. Akaita tena. Mara ya tatu aliita kwa aibu, kwa sababu mzee alikuwa amesimama wima, kofia mkononi, akisubiri jibu.

"Amekuita mara tatu," alisema mhandisi.

Mzee Hodi akageuka na kumwambia yule dada samahani.

"Na hizo ribiti za nguzo ya tatu nani kazisikia?"

"Binti yangu."

"Binti yako ni mwalimu wa darasa la tatu. Masikio yake hayamo kwenye orodha ya ofisi hii." Sasa mhandisi alizungumza akimkabili, waziwazi, na hakuwa mkali. "Mwezi wa nane umesema linaitika. Leo unasema haliitiki. Chuma hakilegei kwa miezi mitatu, mzee, na wewe unajua. Kwa hiyo ulidanganya wakati ule au unadanganya sasa. Nikiulizwa, nijibu lipi?"

"La wakati ule."

"Halafu waniulize na yale mengine manne. Nani alinipa mamlaka ya kusimamisha treni nusu ya nchi? Wakubwa wanafika kesho kutwa. Acha sherehe ipite, barua yako nitaipeleka makao makuu wiki ijayo, kwa mkono wangu."

"Na watoto?"

"Linabeba malori ya mchanga. Watoto wana uzito gani?"

"Lori hupita likaenda zake," alisema Mzee Hodi. "Watoto watapiga mguu pamoja, na chuma kitacheza nao."

Mhandisi akachukua bahasha, akafungua droo, akaitia ndani bila kuifungua. Mzee aliiona droo ikirudi mahali pake. Hakusikia ilivyofungwa, na baadaye alimwambia mkewe kwamba hilo ndilo lililomsumbua njia nzima, kama vile asingeamini kuwa imefungwa kweli.

Fundi alimsikiliza mpaka mwisho. Alikuwa anashona sketi nyeupe za watoto wa gwaride, ishirini zimekwisha na nyingine zimelala mapajani mwake. Akakata uzi kwa meno.

"Kile kitabu cha mlinzi," alisema. "Uliwahi kuniambia kina sharti lake."

"Lipo. Aliyeandika neno anaweza kulifuta mwenyewe kwa mkono wake, akataja sababu. Mlinzi analazimika kufunga."

"Mpaka lini?"

"Mpaka aje mkaguzi mwingine."

Aliziangalia zile sketi. Miezi saba ilimpita usoni, yote, mmoja mmoja.

"Basi nenda kaandike," alisema.

*

Jumamosi asubuhi kitabu kililala wazi juu ya meza ya kibanda. Mzee Hodi aliandika kwa herufi zake za fomu, zilizonyooka. Daraja: Haliitiki. Sababu ya kubadili: akasimama hapo, kalamu hewani. Alijaribu sentensi ndefu kichwani, zenye umri na huduma na masikitiko, akaziacha. Akaandika: Mkaguzi haitiki.

Mlinzi alisoma, akasoma tena kwa kidole.

"Nikilifuata hili, nafukuzwa."

Mzee alimsoma mdomo. "Usipolifuata?"

Gwaride lilikuwa limeonekana mwisho wa barabara, jeupe, na bendera zikipepea. Mlinzi alimwaga chai yake nje, akavuta mnyororo, akafunga kufuli na kuutia ufunguo soksini.

Kilichofuata mji ule ulikisimulia kwa kicheko wiki nzima. Mhandisi alifika akitoka jasho, wakubwa wakashuka kwenye magari yao, umati ukasukumana. "Kiziwi kafunga daraja," mtu alisema, na maneno yakakimbia mpaka nyuma kabisa. Mmoja wa wakubwa, mwenye sauti ya upole, alimuuliza Mzee Hodi amefanya kazi hii miaka mingapi. Mzee hakumwona vizuri mdomo kwa sababu ya kivuli cha kofia.

"Malori ya mchanga, mheshimiwa," alijibu, "na mvua zinakuja."

Watu walicheka, na baadhi ya watoto wakacheka kwa sababu wakubwa wamecheka. Mwalimu aliwaamuru watoto mia tatu wakae chini, pale pale barabarani na sketi zao nyeupe, wakakaa. Fundi alikuwa kwenye umati pamoja na mama yake. Aliinamisha uso. Aliona haya kweli, hakuna haja ya kumsitiri, na haya ile ilimkasirisha kuliko kicheko. Ni mama yake aliyemshika mkono na kusema, "Kumbe hakunipa mgongo."

Sherehe ilihamia ukingoni mwa mto. Watoto waliimba hapo hapo, na daraja likasimama nyuma yao, jekundu kwa rangi mpya, zima kwa macho ya kila mtu.

*

Daraja halikuanguka. Hilo ndilo watu hawakumsamehe. Jumapili lilikuwa limesimama, Jumatatu limesimama, na malori yakazunguka mwendo wa saa tatu kutafuta kivuko kingine huku madereva wakimtaja mama yake mzazi. Barua ya kumsimamisha kazi ilifika mapema kuliko barua zote alizowahi kupokea. Dukani walimzungumzisha kwa kupiga kelele, hata wale ambao zamani hawakumsalimu.

Yeye aliuliza jambo moja tu kila siku: bahasha. Jumatatu fundi alikwenda ofisini, akaambiwa mhandisi hayupo. Jumanne alirudi, na yule mpiga chapa akamvuta pembeni ya ngazi.

"Mama, iko palepale kwenye droo. Samahani. Mimi ufunguo sina."

Siku hiyo mvua zilianza huko nyanda za juu. Hapa hazikunyesha, lakini mto ulipanda ukaleta magogo. Mama mkwe alikuja na kikapu chake. Hakupiga hodi, aliingia moja kwa moja akamgusa mkwewe begani. Mzee Hodi alisimama kumpokea, na wote wawili wakatafuta la kusema wasilipate, wakaanza kutoa viazi kikapuni.

Jumatano alasiri fundi alikuwa kwenye cherehani. Kwanza redio ya jirani wa kushoto ikapandishwa sauti. Kisha ya kulia. Kisha ya dukani, na nyingine mbali zaidi, zote zikisema kitu kimoja kwa sauti moja, saa ambayo haikuwa ya taarifa ya habari wala ya mpira. Akaliachia gurudumu la cherehani. Barabarani watoto walikuwa wameacha kucheza, na mwalimu alikuwa anakuja mbio kutoka shuleni na kiatu kimoja mkononi. Mbele yake, kwa miguu, bila gari wala dereva, alikuja mhandisi mkuu. Fundi alimwona kupitia dirisha akikata kona ya ua. Mkononi alikuwa na bahasha ya mumewe, na ilikuwa bado imefungwa.

"Hodi," alisema mhandisi mlangoni.

Mzee Hodi alikuwa kwenye kigoda chake, amempa mgongo, anamenya viazi pamoja na mama mkwe. Mama mkwe aliacha kumenya.

"Hodi," alisema mhandisi tena.

Fundi alikuwa na masikio mazima. Alisikia ya pili, na ya tatu akaisikia vizuri zaidi, na hakuitika, kwa sababu aliona kwamba akishasema karibu, jambo lile litaingia ndani na halitatoka tena. Mumewe aliinua kichwa kumtazama. Akaona uso wake, akageuka, akamwona mtu aliyesimama mlangoni na kile alichoshika. Akakiweka kisu chini polepole, macho yakaenda ukutani, kwenye kalenda.

"Ni mwezi gani?" aliuliza.